Gari ya misuli ya Kimarekani ya zamani: jinsi ya kuikagua kabla hujatoa hela

Chukua Chevelle mbili za mwaka 1970, gari za Chevrolet, zote nyekundu, zote zina mistari miwili mipana myeusi kwenye boneti na nembo ya SS, yani Super Sport, toleo la kasi, kwenye grili, na ukiziwasha zote zinanguruma mpaka vioo vya nyumba vinatetemeka. Moja ilitoka kiwandani na injini ya LS6, inchi za ujazo 454, kama lita 7.4, nguvu farasi 450 kwa hesabu ya kiwanda chenyewe. Nyingine ilitoka kiwandani ikiwa Malibu ya kawaida ya familia, halafu miaka ya baadaye mwenyewe akaagiza nembo, boneti, grili na viti kwenye katalogi, vitu vyote hivyo vinatengenezwa upya mpaka leo na mtu yeyote anauziwa, akabandika, akapiga rangi. Ukisimama pembeni huoni tofauti. Bei ndo inatofautiana vibaya sana, na hapo katikati ya bei mbili ndo watu wanapigwa.

Naandika hasa kwa ndugu zangu mlioko Marekani, mnaobeba boksi na kuweka akiba kidogo kidogo huku moyoni kuna gari moja tu. Mimi hizi gari nazipenda tangu niko shule ya msingi nakata picha kwenye magazeti, sasa hivi naishi Ohio na kiangazi kikifika wikiendi zangu zinaishia kwenye maegesho ambako wazee wanafungua boneti wanakaa pembeni kwenye viti vya kukunja, na karibu kila kitu nitakachokwambia hapa nimefundishwa na wazee hao nikiwa nimelala chini ya gari zao na tochi. Siku hizi watu wananiita niende nao kukagua. Basi nimeona niandike nnavyofanya.

Tuanze na historia kidogo maana ndo inayokwambia uangalie wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 60 General Motors (GM) ilikuwa na sheria yake ya ndani kwamba gari ya saizi ya kati haiwekwi injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pale Pontiac, tawi la GM kama ilivyo Chevrolet, John DeLorean na mainjinia wenzake wakaona sheria inaongelea gari yenyewe, haiongelei vitu vya kuongezewa mteja akitaka, basi wakachukua LeMans ya 1964 wakaiwekea injini ya 389 ya gari kubwa kama nyongeza ya hiari, nyongeza isiyofika dola 300, wakaiita GTO. Farasi 325, na ukitaka kabureta tatu unapata 348. Mwaka wa kwanza zikatoka 32,450. Wengine wote wakashika njia hiyohiyo, na hiyo ndo maana ya gari ya misuli, gari nyepesi ya bei ya chini, injini ya gari kubwa, bei ambayo kijana wa kiwandani anaimudu. Plymouth mwaka 1968 wakaleta Road Runner ya kuanzia dola 2,896, ndani chini mpira mtupu hamna kapeti, hela yote imekwenda kwenye injini ya 383, halafu hapohapo wakalipa dola 50,000 kwa Warner Bros. ili watumie jina la yule ndege wa katuni na honi ilie kama yeye. Mimi hilo jambo linanifurahisha kila nikilikumbuka, kampuni imenyima wateja kapeti ikaenda kununua honi, na walikuwa sahihi kabisa, watu waliinunua kwa fujo.

Mambo yakaisha haraka. Bima za vijana zikapanda, sheria ya hewa safi ikapitishwa 1970, GM wakashusha kompresheni ya injini zao, yani kiasi silinda inavyobana hewa na petroli, kwenye modeli za 1971 ili zinywe petroli isiyo na risasi, halafu Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Ukisoma matangazo ya zamani utakuta 454 ya Chevelle ya 1971 inaandikwa farasi 365 na ya 1972 inaandikwa 270, usidhani wameing'oa meno kiasi hicho, sehemu kubwa ni kwamba walibadilisha namna ya kupima, zamani injini ilipimwa iko peke yake juu ya stendi bila feni wala ekzosi kamili, kuanzia 1972 ikapimwa imevaa kila kitu kama ilivyo ndani ya gari. Ile ya 1971 ukiipima kwa hesabu mpya ni 285. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ya 72 haina nguvu ndo maana naiuza rahisi" au mwingine akikwambia yake ya 71 inaizidi ya 72 farasi mia, wewe unajua kinachoendelea.

Sasa rudi kwenye ile GTO. Kwa sababu ilianza kama nyongeza ya hiari, namba ya chesisi ya GTO ya 1964 na 1965 haisemi popote kwamba ni GTO, inasema ni LeMans au Tempest tu. Toka 1966 mpaka 1971 ikawa modeli inayojitegemea na namba inaanza na 242, ukiona 237 hiyo ni LeMans iliyovalishwa. Mwaka 1972 ikarudi kuwa nyongeza, namba ikanyamaza tena. Umeona? Ndo maana nasema historia kwanza.

Chevelle ina mchezo huohuo. SS396 za 1966, 1967 na 1968 namba inaanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza na namba haikusaidii, inasema 136 sawasawa na Malibu ya bibi. Camaro, nayo ya Chevrolet, ndo kabisa, toka 1967 namba inakwambia ni V8 au silinda sita, basi, mambo ya SS na Z/28, matoleo yake ya kasi, utayatafuta kwingine. Mwaka 1972 GM wakaanza kuweka herufi ya injini kwenye namba, nafasi ya tano, hapo angalau una pa kushika.

Chrysler, yani Dodge na Plymouth, ndo rafiki wa mnunuzi. Namba yao inaongea. Mfano ukikuta BS23R0B, soma hivi: B ni Barracuda, S ni daraja la juu yaani 'Cuda, 23 ni milango miwili isiyo na nguzo katikati, R ni injini ya 426 Hemi, yenye nguvu kuliko zote kwao, 0 ni mwaka 1970, B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Hiyo herufi ya tano ndo pesa yote ilipo. Kwa 1970 na 1971 R ni Hemi, V ni 440 yenye kabureta tatu, U ni 440 ya kabureta moja, N ni 383, H ni 340. Kwa 1968 na 1969 herufi ni tofauti, Hemi ilikuwa J na 383 ya Road Runner ilikuwa H, usichanganye. Gari yenye N haiwezi kuwa ilizaliwa na Hemi hata muuzaji alie machozi. Na ujue kwa nini watu wanahangaika kuidanganya hiyo herufi: mwaka 2014 'Cuda ya 1971 ya kufunguka paa yenye Hemi iliuzwa kwenye mnada wa Mecum kule Seattle dola milioni 3.5. Zilitengenezwa kama 11 tu za namna hiyo.

Ford nao wako wazi kiasi. Mustang ya 1969 yenye namba inayoanza 9F02R ni ya 1969, kiwanda cha Dearborn, bodi ya mgongo wa kuteremka, injini ya 428 Cobra Jet yenye tundu la hewa kwenye boneti. 9F02F ni gari ileile kwa macho ila injini yake ni 302 ya kabureta ndogo. Kwa zile za kabla ya 1968 namba imegongwa kwenye chuma cha ndani ya fenda upande wa dereva, unafungua boneti unaangalia. Kuanzia 1968 utaiona kwenye deshibodi kupitia kioo cha mbele. Zile za GM za kabla ya hapo kibati cha namba kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, fungua mlango utakiona.

Kwa hiyo kabla hujachoma mafuta kwenda kuiona gari iko majimbo mawili mbali, omba picha ya namba ya chesisi, picha ya vile vibati vya bodi, picha za chini ya gari na picha ya buti ikiwa imetolewa kapeti. Mwenye gari safi anatuma jioni hiyohiyo na anaongeza nyingine ambazo hukuomba. Anayesema kesho, mara simu mbovu, mara namba ni siri, mwache na gari yake.

Halafu kuna makaratasi, na hapa usimwamini mtu anayekwambia makaratasi hayana maana. Pontiac zina rekodi zake, unaandika kwa Pontiac Historic Services unalipia wanakutumia nakala ya gari ilivyotoka kiwandani, kwa GTO ya 1964 au 1965 bila hiyo karatasi mimi sitoi bei ya GTO, naishia bei ya LeMans. Ford toka 1967 unaagiza Ripoti ya Marti, jamaa ana data za Ford zenyewe, na hela yake ni ndogo sana ukilinganisha na unachokwenda kununua. Chevrolet ndo mtihani, zilizouzwa Marekani hazina rekodi za namna hiyo, zile tu zilizouzwa mpya Kanada ndo GM ya Kanada inaweza kukupa rekodi. Kwa hiyo kwenye Chevrolet unatafuta karatasi ya kiwandani, ile waliyotumia mafundi wakati wa kuunganisha, mara nyingi waliitupia juu ya tanki la mafuta na ipo hukohuko imejikunja. Dodge na Plymouth itafute kwenye springi chini ya siti ya nyuma. Unaingiza mkono taratibu, usivute, karatasi ya miaka hamsini na kitu inakatika kama biskuti. Niliwahi kuona moja ikitolewa pale, nusu imeliwa na panya lakini sehemu ya injini na giaboksi inasomeka vizuri kabisa, mwenye gari alikaa chini kwenye sakafu ya gereji bila kusema neno kwa muda.

Siku ya kwenda, nenda asubuhi, kavu, mchana kweupe. Mvua inafanya rangi mbovu ionekane nzuri, na taa za gereji zinaficha mawimbi ya bodi. Beba tochi, kioo kidogo cha mkononi, sumaku nyepesi uifunge kitambaa isikwaruze rangi, chupa kubwa ya maji, dawa ya kusafishia grisi, matambara, na vaa nguo ambayo hutaionea huruma maana utalala chini. Mwambie muuzaji kabla asiiwashe mpaka ufike. Ukifika kitu cha kwanza weka mkono kwenye injini, kama ni ya moto ameshaiwasha, jiulize anaficha nini.

Kutu ndo adui namba moja, kuliko injini, kuliko giaboksi. Injini ya V8 ya Chevrolet inafumuliwa na kufungwa upya na fundi yeyote mwenye akili na spea zimejaa, ila bodi iliyooza inakula hela bila kikomo. Gari iliyoishi Michigan, Ohio au Pennsylvania imetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, gari ya Arizona bodi yake inaweza kuwa safi ila deshibodi na viti vimekaushwa na jua, na mimi viti vilivyopasuka navichagua kila siku mbele ya chuma kilichooza. Pitisha sumaku sehemu za chini za fenda, nyuma ya tairi, na kwenye mdomo wa tairi za nyuma. Pale isiposhika kuna pati chini ya rangi, na pati nene ni kutu iliyofukiwa. Kwenye Chevelle na GTO angalia kuzunguka kioo cha nyuma, hasa zile zenye paa la vinaili, maji yanajificha chini ya ile vinaili yanakula chuma alafu yanateremkia kwenye buti. Toa kapeti ya buti. Gonga. Halafu ingia chini uangalie chesisi nyuma ya tairi za nyuma, chukua bisibisi uigonge na mpini, chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema "pu". Dodge na Plymouth hazina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo inabeba kila kitu, kwa hiyo angalia kule mbele toshenibaa, vile vyuma virefu vinavyojipinda badala ya springi, zinaposhikiliwa na kule nyuma springi zinapofungwa, hapo pakioza usalama wenyewe umeondoka.

Mustang za miaka ya 60 zina ugonjwa wake na kipimo chake ni ile chupa ya maji. Mbele ya kioo kuna vitundu vya kuingiza hewa, chini yake kuna chumba cha chuma ambacho kwa ndani hakikupigwa rangi ya maana, majani yanaingia yanakaa, unyevu unakaa, chuma kinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Inua kapeti za miguuni pande zote mbili, mwambie mwenzako amwage maji polepole kwenye vile vitundu, wewe ingiza kichwa chini ya deshibodi na tochi. Usiwe na haraka, subiri. Ukiona tone linateremka ukutani upande wa abiria, au kwa dereva, basi kile chumba kimetoboka, na kukitengeneza ni kutoa fenda na kutoboa nukta za welding moja moja mpaka kifunguke. Kazi ya siku nyingi. Muuzaji akikukatalia kumwaga maji, hesabu kwamba maji yameshaingia.

Tukija kwenye injini, watu wa hizi gari wanataka injini iliyozaliwa na gari. Kwenye Chevrolet kuna kisehemu bapa kimechongwa mbele ya bloku, upande wa abiria, hapo mbele ya silinda hedi, mara nyingi altaneta inakaa juu yake. Safisha grisi kwa tambara na dawa, usitumie brashi ya chuma hata kidogo, utafuta ushahidi. Utakuta namba mbili: moja inaanza na herufi ya kiwanda cha injini, T ni Tonawanda kule New York, V ni Flint, ikifuatiwa na mwezi na siku injini ilipofungwa, halafu herufi za aina ya injini. Nyingine, kwenye gari za mwisho wa miaka ya 60, ni kipande cha namba ya chesisi yenyewe, nayo lazima ifanane na ya kwenye deshibodi. Sasa mulika tochi kwa kuilaza, isimulike kwa juu. Chuma cha kiwandani kina mistari membamba sana iliyonyooka, inatoka mbele kwenda nyuma, ni alama ya mashine iliyokichonga. Mistari ikiwepo na namba zimekaa juu yake bila kuivuruga, roho inatulia. Kama pamelainishwa pote na namba zinang'aa zimenyooka mno, kuwa makini, ingawa kwa haki niseme kuna injini halali zimechongwa juu na fundi wakati wa kufungwa upya, mistari ikaondoka bila nia mbaya. Ndo maana haitoshi kuangalia hapo peke yake.

Kaka mmoja wa Kigoma anayeishi Columbus alinipigia niende nae kuona Chevelle SS396 ya 1969, bluu, safi sana, muuzaji mtu binafsi na mkarimu tu. Kibati kwenye ukuta wa injini kinasema 02D, yani wiki ya nne ya mwezi wa pili. Namba ya mbele ya bloku inasema T0214, injini imefungwa tarehe 14 mwezi wa pili, inaingia vizuri kabla ya gari. Yule kaka uso umeshachanua. Nikashuka chini na kioo nikatafuta tarehe ya kumwagwa kwa bloku, yani chuma cha moto kilipomiminwa kwenye umbo lake, hiyo haigongwi, imetoka pamoja na chuma chenyewe, ipo ubavuni upande wa abiria karibu na stata. Herufi ni mwezi, A ni Januari, B Februari mpaka L Desemba, halafu siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka. Nikafuta, nikasoma C 11 9. Machi 11, 1969. Bloku limemwagwa mwezi wa tatu, injini "ikafungwa" mwezi wa pili, hesabu hiyo haipo duniani. Nikatoka nikamwambia kaka, bloku hili lilikuwa bado halijazaliwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo kaka tunaachana nayo?" Nikamwambia hapana, gari ni nzuri, ila mpe bei ya Malibu nzuri yenye injini kubwa, asipotaka tuondoke. Hakutaka, tukaondoka. Sijui muuzaji mwenyewe alikuwa anajua au na yeye aliuziwa hivyohivyo.

Na hapo niseme ninachoamini kabisa. Gari isiyo ya jina kubwa ila ya kweli inazidi gari ya jina kubwa ya uongo, kwa mbali. Malibu yenye 350, Dodge Dart yenye 340, Mustang yenye 302, hizi ni gari tamu, zinageuka vizuri kwa sababu injini ni nyepesi mbele, spea bei poa, na hutaogopa kuiendesha dukani. Hata gari iliyovalishwa SS sina ugomvi nayo, mwenyewe akisema wazi kwamba imevalishwa na bei ikiwa ya kuvalishwa. Uongo ndo ninaoukataa.

Sasa iwashe ikiwa ya baridi, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka mara moja ukawashwa halafu ukaisha, oili sili za valvu zimechoka, si msiba. Bluu inayoendelea ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni. Mweupe mzito usioisha wenye harufu tamu, inakunywa maji ya rejeta, gasketi imeungua au kuna ufa. Mweusi ni kabureta inamwaga mafuta, hiyo inarekebishika. Ikishapata moto angalia presha ya oili, wazee wanatumia kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na usiamini taa ya deshibodi, leta geji yako kama unaweza. Ukiruhusiwa kupima kompresheni pima silinda zote nane, ya chini kabisa isishuke chini ya robo tatu ya ile ya juu.

Barabarani, kabla ya kukanyaga mafuta kanyaga breki kwanza. Nasisitiza maana watu wazima wanasahau wakisikia ule mlio. Nyingi ya hizi gari zilitoka na breki za drami miguu yote minne, kilo 1,600 na zaidi, na zile za kabla ya 1967 nyingi zina masta silinda ya chumba kimoja, bomba moja likipasuka huna breki popote. Ukinunua ya namna hiyo badilisha uweke ya vyumba viwili kabla hata ya kununua rimu, na mbele weka disiki, vifaa vipo vya kufunga bila kukata chochote. Kuhusu gia, Turbo 400 ya GM na TorqueFlite 727 ya Chrysler ni otomatiki ngumu sana, zinatakiwa ziingie bila kusita. Za mkono, Muncie ya GM au Toploader ya Ford, jaribu kila gia ukipanda na ukishuka, ikijitoa gia ya pili ukiachia mafuta kuna kazi inakusubiri. Difu ikilia wimbo mmoja kwenye mwendo wa maili 50, sikiliza ukiongeza na ukiachia, mlio ukibadilika ni meno.

Makaratasi ya serikali yasikupite. Namba kwenye kadi ya umiliki ifanane tarakimu kwa tarakimu na ya kwenye gari, jina la kwenye kadi liwe la mtu unayempa hela. Angalia misumari ya kibati cha namba, ikiwa imechokonolewa au kibati kimekaa upande, ondoka, kuhamisha au kufuta namba ya chesisi ni kosa la jinai Marekani nzima na polisi wanaweza kuchukua gari hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Dodge na Plymouth za kuanzia 1968 zina kipande cha namba kimegongwa pia kwenye chuma kinachobeba rejeta, kitafute. Bima chukua ile ya magari ya kale ambayo mnakubaliana thamani mwanzoni, bima ya kawaida itakulipa kama gari chakavu.

Kama hujawa tayari kununua, zoeza jicho bure. Jumamosi ya tatu ya Agosti kuna Woodward Dream Cruise, msafara wa gari za zamani kwenye barabara ya Woodward pembeni ya Detroit, toka 1995, barabara ileile ambayo miaka ya 60 vijana walishindana usiku na mainjinia wa viwanda wakaja na gari za majaribio. Novemba kuna maonyesho makubwa ya gari za misuli pale Rosemont jirani na Chicago, hapo utaona zilizorudishwa mpaka alama za chaki za kiwandani. Uliza maswali. Mwambie mzee "samahani, naomba unionyeshe namba ya injini," atafurahi kuliko ukimwambia rangi nzuri.

Ukishanunua, oili weka yenye zinki ya kutosha, oili za kisasa wameipunguza ili kulinda kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi za gari mpya, na kemshafti ya hizi injini inasuguana na tapeti bapa moja kwa moja, ikikosa zinki inalika. Mipira yote ya mafuta badilisha, petroli ya Marekani nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli na mpira wa zamani unayeyuka, wengine wameunguza gari kwa mpira wa dola chache. Kompresheni ikiwa 10 kwa 1 au zaidi weka petroli ya oktani ya juu, ukisikia kokoto zinagonga ndani ukipanda mlima achia mafuta.

Chumvi ya kwanza ikimwagwa barabarani, gari inalala. Badilisha oili kabla ya kuilaza maana oili iliyotumika ina asidi, jaza tanki mpaka juu na weka dawa ya kutunza petroli, betri iweke kwenye chaja ndogo ya polepole. Handbreki usiivute, brekishuu zinaganda kwenye drami, weka kabari kwenye tairi. Matundu ya ekzosi ziba kwa stilwuli panya wasiingie, halafu andika karatasi uifunge kwenye usukani kwamba umeziba, maana Aprili ukija na ufunguo mkononi utakuwa umeshasahau.